Klopidogreli baada ya stenti haisubiri mshahara

Mnauliza kama mzee wenu aliyewekewa stenti anaweza kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi ndipo anunuliwe klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande. Hapana, asingoje. Aliyewekewa stenti moyoni anatakiwa awe na klopidogreli mkononi kabla hajatoka wodini. Stenti ni kijibomba cha chuma, na hadi ukuta wa mshipa utakapokifunika, damu inaweza kuganda juu yake ghafla na kuziba njia yote. Mwezi wa kwanza ndio wa hatari zaidi.

Utafiti wa Marekani uliotoka 2010 uliangalia wagonjwa 7,402 waliowekewa stenti zenye dawa, yaani zilizopakwa dawa ya kuzuia mshipa usizibe tena. Mmoja kati ya sita hakuchukua klopidogreli siku aliyoruhusiwa. Kati ya waliochelewa, 14.2% walifariki au walipata mshtuko wa moyo. Kwa waliochukua siku hiyohiyo ilikuwa 7.9%. Na wengi walichelewa siku chache tu! Ni kweli waliochelewa walikuwa na umri mkubwa na maradhi mengine zaidi, lakini hata tofauti hizo zilipozingatiwa kwenye hesabu, hatari yao ilibaki juu.

Aspirini aliyopewa aendelee nayo, ila peke yake haitoshi kuchukua nafasi ya klopidogreli. Kama shida ni pesa, mwambieni daktari au mfamasia leo, si kliniki ijayo. Ziko klopidogreli za kampuni nyingine, dawa ileile kwa bei nafuu, na mnaweza kuanza na vidonge vya wiki moja mkiwa mnatafuta vilivyobaki.