Kinyama cha mgonjwa wa Lamu: saa za mwanzo ndizo zinazoamua kipimo cha jeni

Ndugu uliyeuliza kwa nini mama yako akatwe tena kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, ilhali saratani yake ya titi ilishapimwa kabla haijafika kwenye ini: daktari yuko sawa. Saratani ikihama hubadilika. Iliyokuwa na vipokezi vya homoni huweza kuvipoteza, HER2, protini inayochochea saratani kukua, ambayo haikuwepo ikajitokeza, na dawa huchaguliwa kwa hayo. Hata hivyo itafuteni bloku ya zamani, yaani kile kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta. Maabara huiweka miaka, na inafaa kulinganishwa na kipya.

Ombeni sindano nene inayokata vijiti vya nyama, si ile nyembamba ya kufyonza chembe. Vijiti vinne hadi sita, ini likiruhusu. Kimoja hutosha kusema ni saratani, lakini vipokezi na jeni vikitaka sehemu yao kinakwisha. Kama anameza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari mapema, msimwachishe wenyewe.

Hasara nyingi hutokea baada ya hapo. Kinyama kiingie kwenye fomalini (maji ya dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10 yenye bafa, yaani isiyogeuka asidi, kabla saa moja haijapita, na fomalini iwe mara 10 ya ujazo wake. Kikae humo saa 6 kwa uchache, 72 kwa wingi. Kikipungukiwa hakishiki vizuri rangi za kupimia za maabara. Kikizidisha, DNA hukatikakatika na kipimo cha jeni hurudi bila jibu. Kwa joto la kaskazi, kuacha kinyama kwenye chupa kavu ni kukiozesha. Wala kisitiwe friza.

Basi hesabuni safari. Kikitolewa Lamu Ijumaa asubuhi, kikavuka Mokowe na kupanda basi la Mombasa, kitakuta maabara imefungwa wikendi, na Jumatatu mchana saa 72 zimeshapita. Jumatatu au Jumanne ndiyo siku ya kukata. Chupa iwe ya mdomo mpana, kifuniko cha kusokota, ndani ya mfuko wa pili wenye pamba, isimame wima kwenye boti. Jina, sehemu ya mwili, saa ya kukata na saa ya kuingia fomalini viandikwe ubavuni mwa chupa. Kifuniko hubadilishwa na jina likaenda nacho.

Ikiwa watakata mfupa badala ya ini, mwambieni daktari aandike kwenye fomu kuwa jeni zitapimwa. Mfupa hulainishwa kwa asidi, na asidi huiharibu DNA. EDTA, kemikali nyingine ya kulainishia mfupa, ni ya taratibu zaidi lakini huihifadhi.

Hitilafu za kurithi kwenye jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo huongeza hatari ya saratani ya titi, ni jambo jingine: hupimwa kwa damu au mate, bila kukata. Mama akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto wake, wa kike na wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi.

Na kabla ya kulipia kipimo kikubwa cha jeni nyingi, mwulizeni daktari waziwazi: jibu likitoka, ni dawa gani itabadilika, na inapatikana wapi?