Mlonge na dawa za sukari

Pole dada. Mama ana sukari, mafua hayamwishi, na jirani kamletea unga wa mlonge na vidonge vya kitunguu saumu "vya kupandisha kinga".

Majani ya mlonge yaliyoungwa kwa nazi ni mboga, ale tu. Unga wa kukoroga vijiko vitatu kila asubuhi ni habari nyingine, maana mlonge nao unaweza kushusha sukari. Mama yangu alichanganya hivyohivyo na dawa zake. Alfajiri moja nikamkuta anatetemeka, kanga imelowa jasho, kipimo cha sukari kinasoma 3.1, imeshuka mno. Chai ya sukari ndiyo iliyomrudisha.

Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Vidonge vyake asiguse kama anatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, au anasubiri operesheni, damu itachelewa kuganda.

Beba vikopo vyote uende navyo kliniki, daktari avione. Unga wa kwenye mfuko usio na lebo mimi hata bure sichukui. Na dawa zake za sukari asiziache hata siku moja.

Akikohoa zaidi ya wiki mbili au akianza kukonda, apimwe kifua kikuu. Wenye sukari huugua ugonjwa huo kirahisi zaidi.