Maswali ya Wazazi: Robo na Thumuni, Ipi Kubwa?

Swali: Mwanangu ana miaka minane. Akiulizwa kati ya 1/4 na 1/8 ipi kubwa, hujibu 1/8, eti nane yashinda nne. Nimemkatia chapati mara nyingi na bado hajaelewa. Nifanyeje? – *Mama, Langoni, Lamu*

Jibu: Mama, mwanao anaisoma namba ya chini kama idadi ya vitu, maana ndivyo namba zilivyokuwa kwake tangu chekechea. Chapati yafaa kwa nusu na robo. Ukifika vipande vinane havitoki sawa, na kuigawa chapati mafungu matatu sawasawa humshinda hata mtu mzima. Mtoto akiona thumuni (1/8) moja imenona kuliko nyenziwe, somo limeharibika.

Tumia karatasi ya A4. Upana wake ni sentimita 21, kwa hivyo utapata tepe 7 za sentimita 3 kila moja. Zote zipunguze urefu zibaki sentimita 24, kwani 24 yagawika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila kubakisha kitu. Utepe wa kwanza uache mzima. Zilizobaki zipige mistari kwa rula: nusu kila sentimita 12, thuluthi kila 8, robo kila 6, sudusi (1/6) kila 4, thumuni kila 3, na wa mwisho kila 2. Usizikate kwenye mistari. Mkasi ukienda kombo kidogo tu, thumuni nane zikipangwa hazitimii nzima, na mtoto ataamini macho yake.

Muulize kwanza: “Utepe huu tukigawana watu wanne, au tukigawana wanane, wapi utapata kikubwa?” Mwache ajibu na aeleze kwa nini, ndipo mlaze utepe wa robo sambamba na ule wa thumuni, ncha za kushoto zikiwa sawa. Ncha zikipishana, atalinganisha pale utepe unapoishia badala ya urefu wake. Dakika kumi kwa siku zatosha.

Tafadhali usimkaririshe kwamba “namba ya chini ikiwa kubwa, sehemu ni ndogo”. Hilo ni kweli pale tu namba za juu zinapolingana. Mtoto aliyelishika hivyo kesho atakwambia 5/6 ni ndogo kuliko 1/2.

Swali: Wanafunzi wangu wasema 3/4 na 5/6 ni sawa kwa kuwa kila moja imebakisha kipande kimoja. Niwape tu ile njia ya kuzidisha namba ya juu ya huku kwa ya chini ya kule? – *Mwalimu, Barani, Malindi*

Jibu: Bado, Mwalimu. Njia hiyo hutoa jibu sahihi, lakini mtoto akikosea kuzidisha hana cha kumshtua kwamba jibu haliwezekani.

Anza na nusu. Kati ya 3/7 na 5/9: nusu ya saba ni tatu na nusu, basi 3/7 haijafika nusu, nusu ya tisa ni nne na nusu, basi 5/9 imeipita. Jibu limepatikana bila kuzidisha chochote.

Kisha uwageukie hao wa “imebakisha kimoja”. Wameona jambo la kweli, ila wamehesabu vipande wakasahau ukubwa wake. Wanajua kusema saa tatu kasorobo, basi wajengee hapo: 3/4 ni nzima kasoro robo, 5/6 ni nzima kasoro sudusi. Sudusi ni ndogo kuliko robo, kwa hivyo 5/6 imepungukiwa kidogo zaidi, nayo ndiyo kubwa. Kwenye tepe za sentimita 24 utaona 18 kwa 20.

Wakishazoea, wape 2/3 na 5/8. Zote zimepita nusu, na mabaki yake, 1/3 na 3/8, hayaamuliki kwa haraka. Hapo ndipo watakapoona haja ya kutafuta namba moja ya chini: 16/24 na 15/24.

Swali: Nilimwambia mjukuu wangu nusu ni kubwa kuliko robo. Akanijibu robo ya minazi 40 ni mingi kuliko nusu ya minazi 12. Nani yuko sawa? – *Babu, Matondoni, Lamu*

Jibu: Shikamoo babu. Nyote wawili, na mjukuu wako ana macho makali. Robo ya 40 ni 10, nusu ya 12 ni 6. Wewe ulisema juu ya kitu kimoja, yeye akaleta mashamba mawili. Tukiandika 1/2 > 1/4 bila kutaja kitu, twakusudia nzima ile ile.

Mirathi ya Kiislamu itamwonyesha vizuri. Mke hupata robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni akiwa ameacha. Mali ni ile ile moja, kwa hivyo thumuni ni nusu ya robo: katika minazi 24, robo ni 6 na thumuni ni 3.

Halafu mpeleke dukani. Robo ya pakiti ya unga ya kilo 2 ni gramu 500, sawasawa na nusu ya pakiti ya kilo 1. Akirudi kwenye daftari, aandike “robo ya nini” kabla hajaweka alama ya > au <.