Ukipunguzwa kazi, anza na nauli ya pantoni

Watu watakwambia uandike CV upya. Utaandika tu. Ila wiki zile za mwanzo baada ya kupewa barua, wengi wetu hatuna hamu hata ya kuchana nywele, na CV iliyoandikwa na mtu wa hali hiyo inajulikana kwa harufu. Mimi nimepita huko, hapahapa Dar, na hamu yangu niliipata tena nje ya nyumba.

Makaratasi yamalizwe kwanza, maana hayangoji hamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha kazini, mwisho miaka 10. Ukiona uliachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. NSSF nako waulizie fao la upotevu wa ajira. Basi, hayo yakiisha, toka.

Utoke saa ileile uliyokuwa ukiondokea kazini. Mwili umeizoea, na majirani wakikuona unashika njia asubuhi maswali yanapungua. Usiende mbali. Mimi nilianza na pantoni ya Kigamboni kwa sababu moja tu: nauli yake ilikuwa shilingi 200. Unavuka, unapigwa na upepo, unarudi, na huna deni la mtu.

Ukishuka upande wa mjini, soko la samaki la Feri liko palepale. Wahi mnada kabla jua halijawa kali. Dalali anataja bei, kina mama wa ndoo wanapandishiana, vijana wanapita na matenga wakipiga kelele za njia. Mimi ni mtu wa hesabu, nimekula mshahara wa uhasibu tangu nimalize chuo. Nikajikuta nakokotoa kichwani: yule mama aliyeshinda fungu la vibua, akitoa mafuta, mkaa na nauli, jioni anabaki na nini? Nikamfuata kumuuliza. Akacheka, akanitajia, na hesabu yangu ilikuwa imesahau barafu. Tangu siku ya barua, hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi bila kusukumwa. Nikarudi tena kesho yake, na daftari.

Siku nyingine nilikwenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Nilisimama kwa Zinjanthropus, yule ambaye fuvu lake Mary Leakey alilikuta Olduvai mwaka 1959, mwenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Nilimpenda. Hakuniuliza "siku hizi uko wapi?"

Mama yangu hakufurahia. "Huna kazi, unazurura." Alipoona narudi na vibua vya bei ya mnada akapunguza maneno. Lakini kama hata mnadani huoni kitu, usingizi umekata na chakula hakishuki wiki hadi wiki, hapo si suala la matembezi tena. Nenda hospitali, useme hivyohivyo.

Kwenye muziki nina msimamo ambao rafiki zangu wanaubishia: hedifoni chumbani, mlango umefungwa, haikutoi popote. Wimbo wa huzuni unakuja, unaurudia, kumekucha. Muziki unaomwinua mtu ni ule wenye watu ndani yake. Dar tuna bahati ya bendi za dansi zilizotuzidi umri. Sikinde, yaani Mlimani Park, ni ya mwaka 1978. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Majina yakabadilika, JUWATA, OTTU, na bado wanapiga. Ukisikia wanapopiga, nenda, agiza soda moja uipe muda. Gitaa la solo likiingia kwenye sebene hutakumbuka barua.

Ila kusikiliza ni nusu. Nusu iliyonisaidia zaidi ni kwaya. Niliiacha zamani kwa kisingizio cha kazi, sasa kisingizio hakipo. Naimba sauti ya pili, na wiki ambayo sikutokea mazoezini mwalimu alinitumia ujumbe: "Dada, sauti ya pili imepwaya, uko wapi?" Mtu asiye na kazi hupata pole nyingi, ila hakuna anayemhitaji mahali kwa saa maalumu. Kwako huenda ikawa kaswida, taarabu au ngoma ya mtaani. Tafuta kikundi ambacho usipofika pengo linasikika.

Na huko ndiko mambo yalikoanza kusogea, bila mimi kubeba bahasha. Mweka hazina wa kwaya aliniomba nimkagulie daftari la michango. Mwenzetu mmoja wa besi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaliona, akaniita nimnyooshee hesabu zake na risiti za mashine ya EFD zilizojaa kwenye boksi la misumari. Malipo hayafiki mshahara wa zamani. Jumatatu hadi Alhamisi nipo dukani kwake, Ijumaa natuma maombi ya kazi, na bei ya vibua bado naiandika.