Usimwambie mgeni Riesling ni tamu kabla hujasoma lebo

Nyinyi mnaoanza kuhudumia meza Nungwi, Kiwengwa au Mji Mkongwe, mtaambiwa mapema kwamba Riesling ni "ule mvinyo mtamu wa Wajerumani". Atakayewaambia ni mwenzenu wa siku nyingi kazini, na atasema kwa yakini. Msimfuate. Riesling ni aina ya zabibu nyeupe iliyotajwa kwenye maandishi huko Ujerumani tangu mwaka 1435, na zabibu hiyo hiyo hutoa mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, wenye ukali wa ndimu, na pia mvinyo mzito wenye utamu wa asali. Mgeni anayesema "naomba Riesling" hajasema bado anataka nini. Muulize: mkavu, au wenye utamu kidogo?

Jambo lenyewe si gumu. Zabibu zikivunwa mapema huwa na ukali mwingi na sukari kidogo. Zikiachwa mtini, sukari inapanda. Kiwandani, hamira hula sukari hiyo na kuigeuza kilevi. Ikiachwa imalize kazi, mvinyo unatoka mkavu. Wakiisimamisha njiani, kwa kulipoza tangi, utamu unabaki na kilevi kinakuwa kidogo. Ndiyo maana mimi huwafundisha wapya kitu kimoja kabla ya vyote: tafuta asilimia ya kilevi kwenye lebo. Riesling ya Ujerumani yenye asilimia 8 karibu hakika ina utamu. Ya 12 na zaidi mara nyingi ni kavu. Katikati hapo ndipo penye utata, basi soma maneno.

Trocken ni mkavu. Sheria huruhusu sukari mpaka gramu 9 kwa lita, na ukali wa Riesling huifunika usiihisi. Halbtrocken na feinherb zina utamu wa mbali. Sasa Kabinett, Spätlese na Auslese ndizo zinazowazamisha watu wengi, kwa sababu zinaeleza zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani siku ya kuvunwa, hazielezi utamu ulio ndani ya glasi. Ukikuta "Spätlese trocken", huo ni mkavu. Kabinett isiyo na neno trocken, yenye kilevi kidogo, itakuwa na utamu. Na msihadaike na Trockenbeerenauslese: huo hutokana na zabibu zilizonyauka mtini, na ni mtamu kuliko wote. Eiswein nao ni mtamu sana, zabibu zake huvunwa zikiwa zimeganda, kwa nyuzi 7 chini ya sifuri au baridi zaidi. Wa Alsace, Ufaransa, wengi ni wakavu, na wa Clare Valley, Australia, ni wakavu hasa. Huo wa Australia huja na kifuniko cha kuzungusha. Mgeni akikunja uso, mwambie wenyewe wa Clare waliamua hivyo tangu mavuno ya mwaka 2000 kulinda mvinyo wao usiharibiwe na kizibo.

Wageni hupenda kisa, nacho kipo. Husimuliwa kwamba mwaka 1775 watawa wa Johannisberg, Ujerumani, walikuwa wakingoja mjumbe alete ruhusa ya kuvuna kutoka kwa mkubwa wao huko Fulda. Mjumbe akachelewa, zabibu zikaanza kuingia ukungu, wakavuna hivyo hivyo, na mvinyo ukatoka mzuri ajabu. Kiseme kwa dakika moja tu, chakula kisipoe.

Mkipata siku ya mafunzo, mwombeni meneja chupa za kiwanda kimoja, si za viwanda vitano. Mkono ni ule ule, kwa hiyo tofauti mnayoinusa ni ya mtindo kwa sehemu kubwa. Zipangeni kutoka trocken, feinherb, Kabinett, Spätlese hadi Auslese. Wengi wetu hapa ni Waislamu na hatunywi. Pua inatosha kwa sehemu kubwa: ndimu na tufaha bichi upande wa mkavu, pichi na asali upande wa mtamu. Riesling ya miaka mingi hutoa harufu ya mafuta ya taa, na hiyo si kasoro, wajuzi huitafuta. Kasoro ni harufu ya boksi lililolowa maji, hapo rudisha chupa. Na kama dini yako haikuruhusu hata kuushika, mwambie meneja siku ya kwanza, si saa mbili usiku mgeni keshaketi. Zipo kazi nyingine hotelini, na mimi sioni aibu yoyote ndani yake.

Kwenye chakula chetu ndipo Riesling inapoipita mivinyo mingi, na nashangaa hoteli ngapi hazilioni hili. Pilipili na kilevi kingi havipatani, mdomo unawaka. Kabinett yenye utamu na asilimia 8 au 9 huituliza pilipili, na ukali wake hukata mafuta ya nazi. Mpe anayekula pweza wa nazi au samaki wa kupaka. Changu wa kuchoma na ndimu anataka trocken. Kamba koche, trocken au feinherb. Biriani yenye achari, Spätlese yenye utamu. Halua achaneni nayo: mvinyo usio mtamu kuliko kitamutamu huonekana mkali na mtupu, na halua hushinda karibu yote. Mletee kahawa chungu.

Siku hizi wageni huuliza kama kiwanda kinatunza mazingira. Msiwajibu "ndiyo" la jumla. Nembo ya jani la kijani lenye nyota ni ya kilimo hai cha Umoja wa Ulaya: hakuna dawa za viwandani shambani. Demeter ni ya kilimo cha bayodinamiki, chenye masharti zaidi. Kiwanda kinachojiita endelevu huangalia mambo mapana: maji, umeme, haki za wafanyakazi, hata uzito wa chupa. Wala msiseme kilimo hai hakitumii dawa kabisa. Ujerumani ni nchi ya mvua, ukungu hushambulia mizabibu, na wakulima hao huruhusiwa shaba na salfa. Bei nayo ina sababu: miteremko ya bonde la mto Mosel, Ujerumani, ni mikali, ile ya mlima Calmont hufika nyuzi 65, na kazi nyingi hufanywa kwa mikono. Kwetu huku, chupa tupu inabaki kisiwani. Itengeni na taka nyingine. Wapo mafundi wanaokata chupa kuwa glasi.

Joto letu ndilo adui mkubwa. Boksi la mvinyo lisikae hata mchana mmoja kwenye veranda ya mapokezi wala juu ya friji. Trocken mpe mgeni ukiwa wa nyuzi 8 mpaka 10, mtamu uwe baridi zaidi kidogo. Ukiwa baridi kupita hapo harufu inalala, ukipata joto utamu unachosha, kwa hiyo jaza glasi theluthi moja tu na urudi tena. Uliobaki ufunge na urudishe kwenye friji. Mtamu hustahimili siku kadhaa, mkavu siku mbili tatu. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta uibandike shingoni mwa chupa, maana wa zamu ya asubuhi hajui wewe umeifungua lini.