Usisaini Ijumaa kabla hujajua rekodi zitakuwa za nani

Mdogo wangu, weka kalamu chini kwanza. Nimeusoma uzi wako wote. Una bendi ya panki, roki ile ya fujo na kujitegemea, hapo Sheffield, Uingereza; lebo kubwa (kampuni ya kutoa rekodi) iliwapigia mkaikataa ili mashabiki wasiwaite wasaliti, na Ijumaa mnasaini na lebo ndogo ya "wenzetu". Mkataba ni kurasa mbili, mwanasheria hamna, kwa sababu mwenye lebo ni mtu wa harakati. Halafu unauliza panki ina maana gani kwa mashabiki siku hizi, kujiuza kunaanzia wapi, na mnunue ampu gani ya besi. Mimi naanza na Ijumaa.

Nimepiga besi Leeds kwa miaka. Mimi wa Tanga, wenzangu watatu wazawa wa Yorkshire, na tulipewa kurasa mbili hizohizo. Maneno yake bado nayakumbuka: "duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki." Unayapita haraka, yanasomeka kama salamu. Kwa sheria ya Uingereza, hakimiliki ya rekodi iliyotolewa inadumu miaka 70. Yaani umewapa wimbo mpaka wajukuu zako waote mvi. Chini yake kulikuwa na mstari unaoikabidhi lebo na utunzi pia, yaani maneno na tuni yenyewe, si rekodi tu. Na mwingine unaoiruhusu kuhamishia haki hizo kwa "mtu yeyote" bila kutuuliza. Mstari huo wa tatu ndio uliotumaliza.

Na waliotusukuma tusaini nawajua. Ni wale wakongwe wanaosimama nyuma ya ukumbi kila shoo, mikono wamekunja, wakipima nani panki halisi na nani feki. Walituambia lebo kubwa ni shetani na lebo ndogo ni familia, na kwamba ukileta mwanasheria mezani umeshaanza kufikiri kama kampuni. Kauli hiyo imetugharimu kuliko studio zote tulizowahi kulipia. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kurekodi wimbo, achilia mbali kusaini mkataba, lakini ushauri walikuwa nao tele. Yalipotufika hatukuwaona.

Mwenye lebo hakuwa mtu mbaya, hapo ndipo watu wanapokosea. Alikuwa anabeba spika na sisi, anapikia dengu bendi zinazopita mjini, anatulaza sebuleni kwake. Siku pesa ilipomwishia akauza katalogi yake yote kwa kampuni ambayo hatujawahi kuisikia. Kwa mujibu wa karatasi hakuvunja hata nukta.

Sasa sikiliza. Wimbo wetu uliokuwa ukiimbwa na ukumbi mzima ulihusu zamu ya usiku ghalani. Mwimbaji wetu aliuandika baada ya baba yake kuumia mgongo kazini na kuachishwa. Nipo kwa kinyozi, mpira uko mapumziko, kwenye TV inaanza besi. Besi yangu. Nilizijua zile noti kabla sijageuza kichwa. Ngoma zikaingia, gitaa likaingia, na kabla sauti haijafika kwenye mstari wa kwanza wakaikata, akatokea jamaa anatabasamu akihimiza watu waweke mkeka. Kampuni ya kamari! Wimbo wa mtu aliyevunjika mgongo kwa mshahara mdogo unauza kamari kwa watu wa mshahara mdogo. Yule mzee aliliona tangazo nyumbani kwake, akampigia mwanawe kumuuliza amelipwa kiasi gani. Hakuwa amelipwa kitu. Tuliambiwa gharama za kurekodi bado hazijarudi, kwa hiyo fungu letu limeingia kwenye deni.

Na mashabiki? Waliandika kila mahali kwamba tumeuza mechi. Sisi, tulioikataa lebo kubwa! Mwimbaji hajapanda jukwaani tena tangu msimu ule.

Ndiyo maana huu ubishi wa nani kajiuza unanikera. Watu wanapima ukubwa wa kampuni, hawasomi mkataba. Ni ubishi wa tangu enzi. Januari 1977 The Clash, bendi ya panki ya London, walisaini na lebo kubwa ya CBS, na Mark Perry wa jarida la mashabiki wa panki, Sniffin' Glue, akasema panki imekufa siku hiyo. Hofu yake haikuwa ya bure, maana mwaka huohuo CBS iliutoa wimbo wao "Remote Control" kama singo, yaani sahani ya wimbo mmoja, bila kuwauliza wenyewe, na bendi ikajibu kwa wimbo wa kuilalamikia kampuni. Hapo Perry alikuwa na hoja.

Lakini njoo upande wa pili. Green Day, bendi ya panki ya California, waliposaini na lebo kubwa ya Reprise 1993 walifungiwa mlango wa 924 Gilman Street, ukumbi wa Berkeley uliowalea, kwa sababu kanuni ya pale ni kutopandisha bendi za lebo kubwa. Kanuni yenyewe naiheshimu, ukumbi wa watu wa kujitolea una haki ya kujilinda. Ila mwaka 2005 Green Day waliondoa rekodi zao za mwanzo kwenye lebo fulani kwa ajili ya mirabaha (fungu la msanii kwenye mauzo) ambayo haijalipwa, na lebo hiyo haikuwa Reprise. Ilikuwa Lookout!, lebo ndogo ya mtaani kwao. Na Dead Kennedys, bendi ya panki ya San Francisco, je? Wao walikuwa kwenye Alternative Tentacles, lebo ya mwimbaji wao Jello Biafra, na mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama la San Francisco liliamua kwamba wenzake hawakulipwa mirabaha yao inavyotakiwa. Biafra mwenyewe anasema ugomvi ulianza alipokataa wimbo wao utumike kwenye tangazo la jinzi za Levi's. Chukua upande unaoutaka, ila uone kwamba hakuna lebo kubwa hata moja ndani ya kesi hiyo. Na Biafra huyohuyo alipigwa na kuumizwa mguu pale Gilman 1994 na watu waliokuwa wanamwita msaliti. Msaliti wa nini? Lebo ilikuwa yake!

Mfano unaonipa nguvu ni bendi ya Death, yaani "Kifo", ndugu watatu weusi wa Detroit. Clive Davis, bosi wa lebo kubwa, aliwataka wabadilishe jina la bendi, wakagoma. Mwaka 1976 walitoa singo wenyewe, nakala 500, haikwenda popote. Lakini kanda mama, zile za kwanza zilizorekodiwa studio, waliondoka nazo. Zilikaa mikononi mwao miaka zaidi ya 30, na 2009 zikatoka kama albamu, dunia nzima ikawasikia. David, aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu lile jina, alikuwa ameshafariki tangu 2000. Kazi yake haikuwa imeguswa na mtu.

Umeuliza maana ya panki. Buzzcocks, bendi ya Manchester, walikopa pauni 500 wakaitoa wenyewe sahani yao Spiral Scratch Januari 1977, na vijana wengi wakaona kumbe inawezekana bila kumpigia mtu magoti. Mwaka uliofuata bendi nyingine, Scritti Politti, walichapisha gharama kwenye jalada la singo yao: studio kiasi hiki, kugonga sahani kiasi hiki. Kwangu mimi panki ni hiyo, hesabu iko wazi mbele ya msikilizaji na kazi iko mikononi mwa aliyeifanya.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa mpigie huyo mwenye lebo. Mwambie mnaikodisha rekodi, hamuiuzi, kwa miaka mitano, kisha inarudi kwenu. Utunzi usiguswe kabisa. Tangazo lolote lisainiwe kwanza na ninyi wote. Na lebo ikiuzwa au ikifungwa, haki zirudi kwenu, zisifuate mnunuzi. Kama ni mwenzenu kweli ataandika hayo jioni moja. Akianza kusema "kati yetu hatuhitaji makaratasi", muulize basi hizo kurasa mbili alizileta za nini.

Jiunge pia na Musicians' Union, chama cha wanamuziki cha Uingereza, leo, wana huduma ya kuwasomea wanachama mikataba, na anayesoma ni mwanasheria. Wakichelewa, sogeza Ijumaa mbele. Au futa majina, ubandike ukurasa wa pili hapahapa. Nipo macho, nitausoma usiku huu mstari kwa mstari.