Kwa aliyeuliza kuhusu kitambi na presha: ugali hauna kosa, mboga ndiyo ndogo

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Una arobaini na kitu, kazi ni ya kukaa mezani, kitambi kimeanza kutangulia, na zahanati wamekupima mara mbili, presha ikasoma 148/94, ambayo iko juu. Daktari amekupa muda ubadilishe maisha kabla hajaamua kuhusu dawa. Sasa unataka kujua ule nini, na kama kuna mazoezi yasiyodai ada ya gym. Waliotangulia kukujibu wamekutajia oti, mafuta ya zeituni na samaki wa kutoka nje. Sina ugomvi nao, ila kwa mishahara ya wengi wetu mlo huo unaisha tarehe tano. Mimi si daktari. Ninakupa yale niliyoyapitia nikiwa na tarakimu zinazofanana na zako, naishi Ubungo, Dar es Salaam, na kazi yangu iko katikati ya jiji, eneo la Posta.

Watu wakiambiwa wapunguze mwili, kitu cha kwanza kukifukuza ni ugali. Siku ya tatu njaa inauma, siku ya tano mtu yuko kwenye kibanda cha chipsi anaagiza zege ya mayai mawili. Ukiitazama sahani ya kawaida ya mchana mjini, utaona mlima wa ugali au wali, kipande cha nyama, mchuzi mwingi, na mchicha wa kubana kwa vidole viwili. Hapo penye mchicha ndipo pa kuanzia. Mboga za majani zikijaa nusu ya sahani, na maharage au samaki wakachukua robo yao, ugali utabaki na robo bila kugombana na mtu. Tumbo linashiba kwa sababu maharage na majani yanakaa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na ule mchicha wa vidole viwili hauwezi kukufikisha hata robo ya njia.

Kwa mama ntilie hili linahitaji mdomo. Ninayekula kwake nilimwambia: "Mama, nipunguzie ugali, niongezee matembele, na maharage yajae bakuli." Akanitazama, akasema, "Nikipunguza ugali bei ni ileile, kaka." Nikamwambia sawa. Siku za mwanzo alikuwa bado anapakua mkono wa mazoea, inabidi nimkumbushe foleni nzima ikisikia. Baadaye akiniona tu anachota matembele miko miwili. Kama kwake kuna dagaa, chukua dagaa badala ya nyama ya kukaanga. Ni rahisi, wana protini, na kwa kuwa unawatafuna na mifupa yao unapata na kalsiamu.

Umeuliza pia dona au sembe. Dona ina pumba na kiini cha mahindi, kwa hiyo nyuzinyuzi na vitamini ni nyingi kuliko sembe iliyokobolewa. Mimi nakula dona, lakini sinunui ya kupimiwa kwenye gunia nisilojua limetoka wapi. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, hujificha zaidi kwenye pumba na kiini, sehemu zilezile ambazo kukoboa kunaziondoa, na sote tunakumbuka watu waliougua na kufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nyumbani tunanunua mahindi, mke wangu na watoto wanayachambua kwenye ungo, yaliyooza, yenye ukungu na yaliyotobolewa yanatupwa, mazuri yanaanikwa juani ndipo yaende mashineni. Tunasaga kidogo kidogo, maana unga wa dona haukai, mafuta ya kiini yanauharibu mapema. Kama huna muda wa kazi hiyo, kula sembe yako kwa amani na ongeza maharage, hujapoteza vita.

Asubuhi sina maneno mengi. Chapati mbili na supu kila siku ni mzigo. Kiazi kitamu, muhogo au magimbi ya kuchemsha na yai moja yanakupeleka mpaka saa saba bila kutafuta maandazi saa nne.

Adui mkubwa wa presha kwenye majiko yetu ni chumvi, na haionekani. Kikomo cha WHO ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo wamehesabu kila kitu: iliyo kwenye mchuzi, kachumbari, mkate, na vile vidonge na vipakiti vya kukolezea mchuzi. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na chumvi nyingi kuliko unavyodhani, halafu mpishi anaongeza na ya kwake juu. Kwangu tuliacha vidonge, tukahamia kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, bizari na pilipili. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama cha mgonjwa, nikiri. Baadaye ulimi ukazoea, na leo nikila hotelini naona kila kitu ni cha bahari. Kopo la chumvi lisikae mezani, na hiyo kidogo unayotumia iwe yenye madini joto.

Mafuta nayo yapimwe kwa kijiko. Mtu akiinamisha dumu juu ya sufuria hakuna anayejua yameingia kiasi gani, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120.

Vinywaji nitavipita haraka. Soda ya chupa ya ml 300 ina sukari inayofika vijiko saba vya chai, na chai ya ofisini ukiweka vijiko vitatu mara tatu kwa siku umekunywa nyingine. Juisi ya kukamua yenye sukari ya kuongeza ni ndugu yao. Kula embe lenyewe. Bia utajua mwenyewe, ila kumbuka pombe inapandisha presha, na anayekunywa bia mara nyingi yuko na sahani ya kiti moto yenye chumvi ya kutosha kijiji.

Sasa mazoezi. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kipimo chake ni rahisi: unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Miongozo ya WHO ya 2020 iliondoa lile sharti la zamani la kwamba lazima ziwe dakika 10 mfululizo, kwa hiyo hata vipande vidogo vinahesabika. Mimi nilizipata kwenye safari ya kurudi nyumbani. Nashuka basi la mwendokasi Manzese badala ya Ubungo, nafuata njia ya waenda kwa miguu kandokando ya Barabara ya Morogoro, napita Tip Top, Urafiki, Shekilango, mpaka nyumbani. Ni nusu saa na ushee, na saa za jioni wakati mwingine nafika sijaachwa mbali na aliyebaki amebanwa kwenye basi. Viatu vya ofisini vinabaki kazini, raba ziko kwenye begi. Mvua ikinyesha sijitesi, napanda mpaka mwisho na kuruka kamba uani.

Miguu peke yake haitoshi, misuli nayo inataka kazi mara mbili kwa wiki. Kuchuchumaa na kusimama, pushapu za kuegemea ukuta kwanza halafu za chini, kubeba ndoo mbili za maji kutoka bombani bila kupumzika njiani. Anza kidogo kiasi cha kuona aibu, kisha ongeza. Ukihisi kifua kinabana au kizunguzungu, acha hapo hapo, kamwone daktari, usimalizie seti.

Kama peke yako unachoka, tafuta klabu ya jogging ya mtaani kwenu. Temeke na Mbagala Jumapili alfajiri utawasikia kabla hujawaona, jezi za rangi moja na nyimbo zao za chenja barabara nzima, na wamo wazee wa miaka sitini. Mama Samia akiwa Makamu wa Rais mwaka 2016 alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Mara moja kwa mwezi haishushi presha ya mtu, lakini ni siku nzuri ya kuanza kuonekana na raba barabarani bila kuulizwa maswali.

Usihukumu kwa mizani peke yake. Chukua futikamba ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, kisiwe zaidi ya nusu ya urefu wako. Kwangu mkanda wa suruali ulirudi nyuma tundu mbili kabla mizani haijasema kitu cha maana.

Ile dawa ya kuyeyusha tumbo uliyotumiwa picha yake, iache. Baadhi ya hizo ni za kuharisha tu, unapoteza maji, kesho yanarudi. Maji ya ndimu na tangawizi kunywa kama unayapenda, hayayeyushi kitu.

Na unaporudi kupima presha, kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkono wa shati umepandishwa. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kukimbilia basi. Andika kila kipimo na tarehe yake, mpelekee daktari karatasi yote. Akiamua uanze dawa, anza, na usiziache kwa sababu tu kipimo kimeshuka. Kimeshuka kwa sababu unazinywa.